Uliza Kinachoingia Sandukuni

Wanangu, siku ile mlipokuja kwangu Ruiri na mwalimu wenu wa useremala, mlijaza sebule mpaka wengine wakasimama mlangoni. Niliwaonyesha sanduku langu la mutarakwa, mkalifungua, mkaingiza vichwa ndani mmoja mmoja, mkanusa, mkasema "waah." Kisha msichana mmoja mwenye ovaroli ya bluu akaona sanduku la bati pale pembeni, lile lenye kufuli, la aina wanayobeba wanafunzi wa bweni. Akauliza, "Sasa fundi, wewe mwenyewe unaweka vitu kwa bati?" Mkacheka. Nami nikacheka, nikawaambia chai inapoa.

Sikumjibu kwa sababu jibu lake ni refu, na mzee akianza kulia mbele ya wanafunzi, mwalimu hajui atazame wapi. Sasa mwalimu wenu ameniomba niandike kurasa chache kuhusu mutarakwa, mwerezi wa huku mlimani, mti ambao nyinyi mmeusoma kwenye daftari tu. Nitaandika. Mambo ya mbao mnayohitaji kwa mtihani mtayapata, na lile sanduku la bati nalo litafika kwa wakati wake.

Mutarakwa nilifundishwa na Mzee Zakaria, ambaye naye alifundishwa na wamisheni. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye vidole saba na nusu, na alipenda kusema kwamba vile viwili na nusu vilivyokosekana ndivyo karo aliyolipia masomo. Siku ya kwanza hakunipa msumeno. Alinipeleka msituni, huku upande wetu wa mlima ambako mvua si nyingi na mitarakwa ilikuwa imesimama mirefu, gome lake likichunika kama utepe. Tulikuwa na kibali cha miti miwili. Akauzunguka wa kwanza akiugonga kwa kisogo cha shoka, ko, ko, ko, sikio ameliinamisha. Akanipa shoka nigonge mimi.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Mti," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyenunua mbuzi akaletewa paka.

Sikilizeni. Mutarakwa ukizeeka huoza moyo. Nje unauona mzima, una majani, ndege wamejenga, na kumbe ndani mna uwazi wa kumeza mkono mpaka kwapani. Ukigonga palipo pazima, sauti inarudi ngumu na fupi. Ukigonga palipo na uwazi, sauti inachelewa kidogo halafu inakuja nene. "Usikate mti hujaugonga," Zakaria aliniambia. "Ukikata wenye uwazi umeua bure, na kibali kimeisha." Ilinichukua karibu mwaka mzima kusikia tofauti. Hadi leo nikisimama mlangoni kwa mtu, kidole changu hugonga nguzo chenyewe, na wenye nyumba hudhani napiga hodi mara ya pili.

Ukishaupasua utaona rangi mbili. Pembeni ni nyeupe, ndani ni nyekundu yenye hudhurungi. Zakaria alisema nyeupe ni ya mchwa na nyekundu ni ya wajukuu. Posti ya moyo mwekundu ukiichimbia leo, itakuzika wewe na aliyekuuzia. Kuna posti za boma la baba yangu ambazo bado zimesimama, na baba mwenyewe, na ng'ombe wake, na hata ugomvi wa mpaka ule uliofanya azichimbie, vyote vimekwisha.

Ni mti mwepesi na hupigika randa vizuri, ila haupendi msumari. Nyuzi zake zimenyooka sana. Ndiyo maana wazee waliupasua kwa shoka na kabari wakapata vigae vya kuezekea bila kushika msumeno. Lakini mti unaopasuka ukitaka, hupasuka hata usipotaka. Toboa kwanza kwa keekee. Kama huna keekee, geuza msumari, uponde ncha yake kwa nyundo iwe butu. Msumari wenye ncha hutenganisha nyuzi na ubao unafunguka hadi mwisho. Butu huzikata ukapita. Niliharibu mbao sita nzuri kabla sijakubali jambo hilo, maana hakuna kijana anayeambiwa kwamba butu ni bora kuliko kali akaamini mara moja.

Halafu kuna vumbi. Zakaria alijifunga kitambaa kibichi puani kila alipokata au kupiga msasa, akawa anafanana na mwizi wa ng'ombe. Aliniambia nifunge pua. Nikamwambia, "Nikifunga nitaisikiaje harufu?" Wanangu, mimi nilipenda harufu ile. Asubuhi nikifungua karakana, ile pumzi ya kwanza ilinifanya nisahau kwamba sijanywa chai. Ilikaa kwenye nywele zangu, kwenye mkate nilioubeba, kwenye Biblia. Mke wangu Wawira, ambaye nilimpata kule Kanja, Embu, nilipopelekwa kutengeneza mabenchi ya kanisa lao, aliniambia baadaye kwamba alinijua kwa pua kabla hajanijua kwa macho. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mimi nimesimama nyuma, akageuka kuona nini kinanukia vile.

Sasa niwaambie makosa yangu, kwa sababu mwalimu wenu atawaambia ya kwake machache tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la unga. Mwalimu mmoja kijana aliletwa shule yetu ya msingi, akapewa nyumba yenye panya wengi kuliko wanafunzi. Akaja kwa Zakaria kutaka sanduku la kuwekea unga wa mahindi. Zakaria hakuwepo, nikaichukua kazi mimi. Nikatumia mutarakwa, nikalifunga vizuri hata sisimizi asipite. Baada ya wiki mbili mwalimu akarudi.

"Fundi, panya wametoroka," akasema. "Hata mimi nataka kutoroka. Ugali yangu inanuka penseli. Nikimeza nasikia kama nimekula dawati."

Alikuwa amepatia, kwa kuwa penseli za zamani zilitengenezwa kwa mti huu huu. Zakaria alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Alipomaliza kucheka akajifuta machozi, na uso wake ukabadilika.

"Mafuta ya huu mti hayakai mahali pamoja," akaniambia. "Yanaingia kwa chochote umefungia nayo. Unga, majani ya chai, sukari, siagi. Kabla hujashika futi, uliza kinachoingia. Sanduku halitengenezewi mtu, linatengenezewa kitu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Andikeni hilo kwenye daftari zenu, hata kama haliko kwa mtihani.

Kosa la pili lilikuwa la vanishi. Wakati huo nilikuwa na karakana yangu mwenyewe, na Zakaria, ambaye mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, alikuja kila siku kukaa mlangoni kwenye kigoda na kukosoa. Mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Kangeta aliagiza sanduku kubwa la nguo. Akasema hataki kazi nusu, nipake vanishi mpaka ndani, ing'are. Zakaria akatikisa kichwa. Mimi nikaangalia lile gari jipya la mteja na viatu vyake, nikapaka. Sasa nyinyi jueni hivi: ndani ya sanduku la mutarakwa hakupakwi kitu. Mafuta ya ule mti hayaiachi vanishi ikauke mahali palipofungwa. Inabaki laini, na siku za joto inanata.

Alirudi Jumatatu akiwa na koti la Jumapili mkononi, mgongo wake umenyofoka manyoya yote.

"Fundi," akasema, "twende nyumbani ukaone. Sanduku yako imevaa suti yangu."

Nilipiga msasa ndani ya lile sanduku siku mbili, bila kitambaa puani.

Hayo mawili mnaweza kuyacheka. Mimi mwenyewe nayacheka. La tatu sijawahi kumsimulia mtu kwa kirefu isipokuwa Zakaria na Wawira, na wote wawili hawapo.

Kulikuwa na mama mmoja hapa chini ya soko, Mama Karimi, mkulima wa viazi na maharagwe, mtu wa sauti ndogo. Karimi alikuwa binti yake wa pekee, kidato cha pili, shule ya bweni. Aliugua siku tatu tu. Wakamleta nyumbani akiwa ameshatuacha. Wiki iliyofuata wakaleta sanduku lake la bati na vitu vyake: daftari, viatu, sahani, sketi, sweta. Tulizika, tukachanga, tukaimba, na kama ilivyo desturi kila mtu akarudi kwa shamba lake na kumwacha mama na nyumba yake.

Miezi kadhaa baadaye akaja karakana. Nilikuwa napiga randa.

"Fundi, nataka sanduku ile nondo haiwezi kuingia. Nimesikia yako ni hiyo."

Mnakumbuka nilivyofundishwa. Nikauliza, "Ya kuweka nini, mama?"

"Sweta."

"Sweta ngapi?"

"Ni moja."

Nikajua ni ya nani. Kila mtu pale Ruiri angejua. Akaniambia nondo wameanza kula kola, na kwamba bati lina nafasi kwa kifuniko, na kwamba shemeji yake amemwambia atumie vidonge vile vyeupe vya nondo lakini akakataa kwa sababu vinanuka. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Vinanuka. Nilisikia, nikaitikia, nikaendelea kupima kichwani ukubwa wa sanduku.

Moyo ulikuwa unaniuma kwa ajili ya yule mama, na mimi sijui kumpa mtu pole kwa maneno. Nikasema nitampa pole kwa mbao. Nilikuwa nimeweka darini mbao nne za moyo mwekundu mtupu, bila fundo, nilizokuwa nikizitunzia kazi ambayo sikuijua. Nikazishusha. Pembe nilizishikanisha kwa meno ya mbao yanayoumana, bila msumari hata mmoja. Kifuniko kilikaa hata pumzi haipiti. Ndani sikupaka kitu. Nilipiga msasa mara mbili, kwa sababu mutarakwa ukikaa hulala, na msasa huamsha harufu upya. Kisha nikaona hayo hayatoshi. Nikamwomba Wawira anishonee kifuko cha kitambaa, nikakijaza maranda mabichi ya randa, kikae pale pale na sweta.

Wawira alishona, akafika nusu akasimamisha sindano.

"Baba Nkatha, na hiyo harufu haitakuwa mingi?"

"Harufu ndiyo dawa," nikamwambia. "Wewe shona."

Mama Karimi alipokuja, alipitisha kiganja juu ya kifuniko kwa muda mrefu. Akasema, "Mungu akubariki fundi, umenitengenezea kama ni ya mtoto wako." Tukalipakia kwenye mkokoteni wa punda. Nilirudi kazini nikipiga mluzi. Nawaambia ukweli, sijawahi kujisikia fundi kama siku ile.

Mvua kubwa ilikuja ikaisha. Siku moja baada ya saa nne asubuhi nikamwona anakuja kwa miguu, ameshika kifurushi kifuani. Zakaria alikuwa kwenye kigoda chake. Mama Karimi akamsalimu kwanza, kama inavyopasa, kisha akaketi kwenye benchi yangu ya kazi bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Fundi, sweta haijaguswa na mdudu. Hata mmoja."

"Nashukuru, mama."

"Lakini Karimi ametoka."

Sikuelewa. Akakifungua kifurushi akanipa sweta. Ilikuwa ya kijani, ya shule, kola imeliwa kidogo upande mmoja.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Umesikia nini?"

Nilijua jibu na sikutaka kulisema. "Mutarakwa," nikasema.

"Mimi pia." Akaichukua tena akaikunja juu ya magoti. "Nilikuwa nafungua ile ya bati kila Jumapili tukitoka kanisa. Nafunga mlango, nafungua, namsikia. Ile jasho yake, na ile mafuta alikuwa anapaka nywele. Mama yangu aliniambia nifue, nikakataa. Nilijua nikifua nimemzika mara ya pili. Nondo ikaanza kula, nikaogopa itamaliza. Ndio nikakuja kwako." Akainyoosha ile kola iliyoliwa. "Sasa nikifungua nasikia hapa. Nasikia hii wakshop yako."

Randa ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilishindwa hata kuiweka chini.

"Unaweza kuitoa, fundi?" akauliza. "Hii ya mti peke yake. Ile ingine ibaki."

Aliniuliza kama mtu anayeuliza kama bawaba inaweza kubadilishwa. Nikamwambia aianike kivulini penye upepo, siku tatu, wiki, asiiweke juani. Nilisema hayo nikijua kwamba harufu ya mti ikitoka, chini yake hakutakuwa na kitu. Yeye pia alijua, nadhani, maana hakuuliza mara ya pili. Nikamwambia nitamtengenezea sanduku lingine, la podo, mbao isiyo na harufu kabisa, nitalianza leo hii.

Akanitazama bila hasira yoyote.

"Ya kuweka nini?" akasema.

Akasimama, akamuaga Zakaria, akaenda.

Zakaria alimfuata kwa macho mpaka akakata kona. Mwishowe akauliza, "Uliuliza kinachoingia?"

"Niliuliza. Akasema sweta."

"Na hiyo sweta ilikuwa ya kuvaliwa?"

Hapo ndipo nilipoiweka randa chini.

"Basi sanduku ulilitengenezea sweta ya kuvaliwa," Zakaria akasema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Lile sanduku nililiona tena miaka mingi baadaye, tulipoitwa kwa harambee nyumbani kwao. Lilikuwa barazani na wazee wawili wamelikalia. Lilikuwa zima kabisa, pembe hazijaachana hata kwa unene wa wembe. Wakasogea nipate nafasi ya kukaa. Nikasema mgongo unauma, nikasimama mpaka mkutano ukaisha.

Mengine ya kazi mnayajua. Serikali ilikataza kukata miti ya asili, na ilifanya vizuri, kwa sababu tulikuwa tumeufikisha msitu pabaya, mimi mmoja wao. Tukageukia saiprasi, ambayo ina harufu pia lakini ni ya kupita tu, na mukima ule wa mipakani mwa mashamba, ambao ukiukausha vibaya unajikunja kama mtoto anayekataa kuoga. Siku hizi nyinyi mna zile bodi za unga wa mbao na gundi. Sizidharau. Ila zikinyeshewa zinavimba kama mandazi, na sijui mtamrithisha nani.

Zakaria alikufa akiwa na umri mkubwa na pua yake nzima. Yangu ilikuwa inaondoka kidogo kidogo, nami sikujua. Nilikuja kujua siku moja nikiwa jikoni, githeri inaungua mbele yangu, moshi umejaa, na mimi namuuliza Wawira kwa nini anakimbia. Daktari aliniuliza nimekata mbao miaka mingapi bila kufunga pua. Nilipomwambia, akaacha kuandika akaniangalia. Wawira alichukulia kama mzaha. Alisema sasa anaweza kukaa karibu nami akitoka kukamua ng'ombe na sitalalamika. Sikuwahi kulalamika, alijua hivyo.

Fungeni pua zenu, wanangu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Wawira alitangulia miaka minne iliyopita. Baada ya mazishi, kina mama wa ukoo walikusanyika kugawana nguo zake, kama ilivyo kwetu, ili kila mmoja awe na kitu chake. Nguo zake nzuri zilikuwa kwenye lile sanduku la mutarakwa mlilonusa, ambalo nilimtengenezea tulipooana. Binti yangu Nkatha, ambaye ni mwalimu kule mjini Embu, alizitoa moja moja. Kila moja alikuwa akiipeleka usoni kwanza, halafu anaiweka chini. Gauni la harusi ya shangazi yake, leso, kitenge, ile suti ya kanisa. Nilikuwa nimekaa kitini nikimtazama. Nilielewa anachotafuta kabla hajageuka.

"Baba," akasema, "zote ni mutarakwa."

Miaka yote ile nilikuwa nikimfuta mke wangu kwenye nguo zake akiwa hai, na kujivunia.

Kisha Nkatha akaenda jikoni kutafuta kitu, sijui nini, na akakawia. Nilipomfuata nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, amezika uso kwenye sweta kuukuu. Mama yake aliifuma mwenyewe kwa nyuzi alizofumua kwenye masweta ya shule watoto walipomaliza, mistari ya damu ya mzee na ya kijivu, mikono haifanani urefu. Ndiyo aliyovaa kukamua, kuwasha moto, kwenda kuchuma mboga. Haikuwahi kuingia sandukuni. Kila nilipomwambia aiweke humo alinijibu, "Hiyo ni ya ng'ombe, acha ikae kwa msumari."

Niliichukua. Niliiweka puani nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Nilisikia hewa tu, baridi, kama ya kikombe kitupu.

"Iko?" nikamuuliza Nkatha.

"Iko, Baba," akasema, na alikuwa analia. "Iko yote."

Shangazi mmoja alitaka kuifua kabla ya kuigawa. Mimi si mtu wa kubishana na wanawake wa ukoo, lakini siku hiyo nilibishana. Kesho yake nikapanda gari mpaka Meru mjini, nikanunua sanduku la bati. Muuzaji akaniuliza, "Mtoto anaingia form one, mzee?" Nikasema ndiyo. Akanitakia mtoto afanye vizuri.

Sasa binti mwenye ovaroli ya bluu, hilo ndilo jibu lako. Ndani ya lile bati kuna sweta moja. Najua bati lina nafasi kwa kifuniko. Najua nondo wameingia, wamekula kiwiko cha kushoto na sasa wako begani. Hapa nyumbani nina mkebe mzima wa maranda ya mutarakwa, na konzi moja tu ingewafukuza wote. Kila nikiona tundu jipya mkono wangu unataka kwenda kwenye ule mkebe, maana ndiyo kazi ambayo mkono huu umefanya maisha yake yote. Naukataza. Wale nondo wachukue sufu yao, mradi hawachukui kile kingine.

Siwezi kukisikia mwenyewe, kwa hiyo namngojea Nkatha. Kila Desemba akija, kabla hajavua viatu, namfungulia kufuli. Anainama, ananusa, anasema, "Bado iko, Baba." Mwaka wa kwanza alisema akilia. Mwaka wa pili alisema akicheka, akaongeza kwamba hata moshi wa jiko upo. Mwaka wa tatu alisema hivyo hivyo tu, bado iko.

Desemba iliyopita aliinama akakaa muda mrefu. Aliigeuza sweta, akanusa kwapa, akanusa kola, akaigeuza tena, akanusa ndani ya mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko. Akaikunja taratibu, akairudisha.

"Bado iko, Baba," akasema. Sauti yake ilichelewa kidogo kabla ya kutoka, na hakuniangalia.

Wanangu, mimi nimegonga miti tangu nikiwa na umri wenu. Ningeweza kumuuliza swali moja tu na ningejua. Nilimwambia asante, mama, nikafunga kufuli, tukaenda kunywa chai.